Siagi ya Mikono ya MaCele

Jumatatu, 5 Juni

Theluji juu ya milima. Mbuzi amegoma kutoka zizini. Simlaumu.

Naandika katika shajara ya kampuni ya mazishi. Ni ya miaka minne iliyopita, kwa hiyo majina ya siku nayakata na kuandika yangu. Chini ya kila ukurasa kuna picha ya jeneza na swali kama nimejiandaa. Sijajiandaa. Nina shughuli.

Shughuli ya kwanza: mikono ya MaCele. Mke wangu ana baridi yabisi. Kila Juni vidole vinavimba, asubuhi hawezi hata kufunga kifungo. Mwaka huu imekuja wakati mbaya. Binti yetu Nomalanga anaolewa mwishoni mwa Julai, na MaCele anamtungia mkanda wa shanga, upana wa viganja viwili, kama ule aliotungiwa yeye na mama yake. Umefika nusu. Wiki ya tatu hii uko pale pale. Sindano inamponyoka. Juzi alisema, bila kunitazama, kwamba vidole visipolegea mtoto ataolewa na mkanda wa kununua pale stendi ya Bergville, ule wa gundi. Afadhali angelia.

Shughuli ya pili: Shange.

Hlangabeza Shange, jirani yetu ng'ambo ya kijito. Mwokaji mstaafu, alioka mikate ya shule ya bweni miaka thelathini. Siku hizi anatengeneza siagi ya bangi na kuwagawia wazee wenye maumivu. Bure! Mtu anayegawa bure ana lake moyoni. Kila baada ya wiki mbili anamletea MaCele kopo dogo. Robo kijiko kwenye mkate, na baada ya saa moja au mbili vidole vimelegea. Kopo la mwisho liliisha wiki tatu zilizopita kwa sababu mimi nilimwambia Shange kwamba tunayo ya kutosha. Basi MaCele bado anasema, "Shange ana mkono mzuri." Ndani ya nyumba yangu. Kwenye meza yangu.

Niongeze kwamba Shange alimtaka MaCele kabla yangu. Nilimshinda kwa sababu nilikuwa mtunza stoo wa idara ya barabara, nilikuwa na baiskeli, na yeye alikuwa ananuka hamira. Miaka thelathini na minne nimekuwa mshindi. Sitashindwa na kopo.

Bangi ninayo. Miche minne nyuma ya zizi, na siku hizi sheria haimgusi mtu kwa bangi ya nyumbani kwake. Tayari nimeikausha. Kikwazo ni kaka yangu Khethokwakhe, mkuu wa boma letu. Nyumba yake iko hatua arobaini kutoka yangu. Ni mhubiri wa kanzu nyeupe na mkanda wa kijani, na kila Jumapili anahubiri juu ya ubaya wa moshi. Asijue.

Nimeazimia. Mikono ya MaCele itaponywa na mumewe.

Jumanne, 6 Juni

Nimeanza na nimemaliza. Rahisi mno! Nimesaga bangi ya mche wa kwanza, nimeyeyusha siagi, nimechanganya, nimemimina koponi. Dakika kumi. Shange anatumia siku nzima. Watu wengine wanapenda kujikweza.

MaCele aliuliza kama nimeipitisha kwenye moto kwanza. Nikamwambia hii si nyama. Akala kijiko kizima ili kuniridhisha. Mimi nikala vitatu, kwa ajili ya uchunguzi.

Baadaye. Hakuna kitu. Tumekaa tukitazamana tangu saa nane. Meno yangu yamejaa majani. MaCele alijaribu sindano, ikaanguka mara tatu. Mara ya nne hakuiokota. Nikaingia chini ya kabati kuitafuta, nikabaki huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumatano, 7 Juni

Upelelezi. Nimekwenda kwa Shange kurudisha toroli lake, ambalo ninalo tangu mwaka juzi.

Nilimkuta jikoni na aproni kama mama wa watu. Nikazungumzia baridi. Nikazungumzia bei ya majani ya ng'ombe. Nikasema, kwa mbali sana, kwamba nimesikia kuna watu wanaochoma bangi kabla ya kuila, sijui ni kweli au ni porojo. Nilikuwa nimejiandaa kwa saa nzima ya kumchimba. Akanieleza yote papo hapo! Bangi ambayo haijapata moto imelala, ukiila unakula nyasi tu. Mvutaji haoni tofauti kwa sababu kiberiti chake kinafanya kazi hiyo. Mlaji lazima aiamshe mwenyewe: oveni ya moto mdogo, sinia lililofunikwa, mpaka kijani kiishe na ibaki rangi ya majani ya chai. Ndipo iingie kwenye siagi. Moto mkali unaiua. Akasema ni subira tu, kama mkate.

Halafu akasema tuje tufanye pamoja, kwake au kwangu, mikono ya MaCele isisubiri. Akanipa na karatasi ya foili.

Nimerudi nikiwa na mashaka makubwa. Mwenye siri ya kweli haisemi yote kwa dakika tano. Lazima kuna kipande amekigeuza. Nimewaza njia nzima na nimekipata: ni huo moto mdogo. Anataka nikae mbele ya oveni siku nzima kama mpumbavu, na umeme ukatike katikati. Mgao wetu wiki hii ni saa nne asubuhi hadi saa sita. Anaujua.

Toroli nimerudi nalo. Nilisahau kuliacha.

Alhamisi, 8 Juni

Kama moto mdogo unaiamsha kwa saa moja, moto mkubwa utaiamsha kwa dakika kumi. Hiyo ni hesabu ya darasa la pili. Saa tatu asubuhi nilizungusha kitufe cha oveni hadi mwisho, nikaingiza mche wa pili. MaCele alikuwa kisimani.

Dakika ya nne, harufu. Dakika ya sita, moshi. Dakika ya nane niliona kanzu nyeupe kwenye uzio.

Kaka aliuliza ni nini kinachonuka. Nikasema MaCele anachemsha utumbo wa ng'ombe. Akasema amekula utumbo maisha yake yote. Nikasema huu ni wa ng'ombe mzee. Akasema basi atapita saa saba kuonja.

Nimepanda gari hadi mjini kutafuta utumbo. Nimeupata, nimerudi, nimeusugua mwenyewe kwa chumvi kwa sababu MaCele asingeweza. Kaka amekula sahani mbili, akasema kweli ni wa ng'ombe mzee. Bangi imekuwa makaa. Siku nzima imepotea kwa utumbo, na mimi siupendi.

Imebaki miche miwili.

Ijumaa, 9 Juni

Nimepata wazo! Nimeamka nalo. Nashangaa Shange hakulifikiria, lakini Shange ni mwokaji tu.

Tatizo ni harufu. Harufu haifichwi kwa utumbo. Inafichwa na harufu kubwa zaidi, harufu ambayo hakuna mtu anaweza kuilalamikia. Na katika nyumba ya mviringo, iliyopakana na jiko, mahali pa wazee waliotangulia, nyuma kabisa, mbele ya kigae cheusi, kuna fungu la impepho la marehemu baba, yale majani makavu ya kuwaitia wazee hao. Ukiichoma boma zima linanukia. Nani atanusa bangi?

Saa mbili na nusu: mche wa tatu ndani ya oveni, umefunikwa kwa foili. Nimekubali moto mdogo, kwa majaribio. Impepho juu ya kigae, kiberiti, nikakaa hapo nikipuliza. Harufu nzuri. Nilijisikia mtu mwenye akili.

Kile nilichosahau ni kwamba hakuna anayechoma impepho bure.

Wa kwanza kufika alikuwa shangazi Bajabulile, dada wa baba, anayeishi kwa kaka. Ana miaka themanini na moja na alikuja karibu mbio. Alivua viatu mlangoni, akaingia, akapiga magoti upande wa wanawake, akafunika mabega kwa shuka. Kisha kaka, bila viatu, bila fimbo. Hakuna aliyeniuliza harufu. Walikaa wakingoja. Mimi nikaendelea kupuliza. Mwishowe kaka akasema:

"Umewaita wazee, ndugu yangu. Sema umewaitia nini."

Ningeweza kusema kweli. Ilikuwa sentensi moja tu. Badala yake nikasikia sauti yangu inasema baba amenijia ndotoni.

Shangazi akaanza kulia taratibu. Kaka aliuliza kwa nini baba aje kwangu na si kwake, yeye ndiye mkubwa. Nikasema sijui, labda alipita kwake akamkuta anahubiri. Shangazi aliuliza baba alivaa nini. Nikasema koti la kahawia. Sijui kwa nini. Ndilo lililonijia. Uso wa kaka ulibadilika. Koti la kahawia baba aliniahidi mimi, na kaka alilichukua siku ya mazishi na hajawahi kulizungumzia miaka kumi na mbili.

Walitaka kujua alisema nini. Nikasema alisema ana kiu.

Basi. Wakaanza kuchambua. Kiu ya nini, tangu lini, nani alimsahau, je ni sababu ya baridi kali, je ni sababu ya arusi ya Nomalanga. Saa nne umeme ukakatika, nikausikia jikoni. Saa sita ukarudi, nikausikia. Oveni niliiacha imewashwa. Sikuweza kutoka, maana mtu aliyeota ndiye mwenye kikao. Tulitoka saa nane.

Makaa tena. Nimelisukuma sinia nyuma ya oveni, nitaliosha kesho.

Uamuzi wa kikao: Jumamosi ijayo, mbuzi na pombe ya mtama kwa baba. Mbuzi ninaye mmoja, nilimweka kwa ajili ya arusi. Pombe ya mzee inapikwa na mkwe wake. Kaka ni mjane. Mkwe ni mmoja tu.

Nilimwambia MaCele kwa ufupi. Alisikiliza. Akaangalia mikono yake, akaenda kutafuta kimea.

Jumamosi, 10 Juni

Kaka amekuja asubuhi, amenirushia koti la kahawia juu ya uzio, ameondoka bila salamu. Ushindi! Miaka kumi na mbili! Nimelivaa siku nzima. Limeliwa na nondo begani, lakini bega la kulia tu.

Nilikwenda kuosha sinia. Nimelikuta kabatini, safi. Sikumbuki kuliosha. Nina mambo mengi kichwani.

Jumanne, 13 Juni

Pombe imeanza. MaCele ameamka alfajiri kuchota maji, ndoo sita. Mapipa mawili makubwa, unga wa mahindi, kimea cha mtama, na mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Anakoroga kwa viwiko kwa sababu vidole havishiki. Nilijaribu kumsaidia, shangazi akanifukuza. Mwanamume akigusa pombe ya mzee inaharibika. Sheria si yangu.

Nilijipa moyo nikakata kuni. Mti wa kwanza ulikuwa mgumu. Nilipokuwa napumzika Shange alivuka kijito na shoka lake. Alimaliza rundo zima, hakusema lolote kuhusu toroli. Akampa MaCele kopo. Nikamwambia MaCele hana nafasi ya kupimapima vijiko wiki hii. Shange akaniangalia mpaka nikaangalia kuni.

MaCele amekula robo kijiko saa hiyo hiyo, amesimama, mbele yangu. Alasiri alikuwa anakoroga kwa vidole.

Nitakuwa mkweli, kwa sababu hakuna anayesoma hapa isipokuwa jeneza. Niliona wivu. Mke wangu alipata nafuu na mimi nikaona wivu.

Ijumaa, 16 Juni

Leo imechujwa.

Asiyejua kuchuja pombe ya mtama asinihukumu. Inamiminwa kwenye kifumbu kirefu cha majani, kisha inakamuliwa kwa kusokotwa, kama unavyokamua blanketi lililolowa. Mapipa mawili. Tangu asubuhi hadi saa tisa. Maji ya kisima kwenye baridi ile yanauma hata kuyatazama. Shangazi alishika upande mmoja wa kifumbu, lakini shangazi ni wa kushika tu. Kusokota alisokota MaCele.

Siagi ya Shange haifanyi kazi kwa mtu anayefanya kazi kama ile. Hiyo niliiona mwenyewe, na kwa dakika moja nikafurahi kwamba siagi yake imeshindwa. Kisha nikaona mikono. Ilikuwa myekundu na imejaa, vifundo havionekani. Alikaa kwenye ngazi akaiweka mapajani, viganja juu, kana kwamba ni ya mtu mwingine amepewa amshikie. Niliona aibu. Nikataka kusema kweli, palepale. Nikavuta pumzi.

Shangazi akapita akisema pombe imekuwa nzuri ajabu, mzee atafurahi, na kwamba tangu zamani alijua mimi ndiye mtoto mwenye masikio ya wazee.

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno kama hilo. Nikanyamaza.

Jumamosi, 17 Juni

Siku ya baba. Nimevaa koti.

Kaka alichoma impepho, akataja majina ya ukoo, akamwambia baba kwamba mwanao Mthembeni anasema una kiu, hii hapa pombe, huyu hapa mbuzi. Halafu tukamshika mbuzi. Mbuzi wetu, mwenye kelele kuliko redio, mbuzi anayelia akiona mtu anakunja shuka, hakulia. Kisu kikawekwa, mbuzi kimya. Boma zima likanywea. Mbuzi asipolia, wazee wamekataa. Kaka akashusha kisu, akasema kama kuna mtu aliyekuja hapa na jambo lililofichika, aliseme sasa.

Macho yote kwenye mbuzi, isipokuwa ya MaCele. Yeye aliniangalia mimi.

Nilimkanyaga mbuzi mguu. Kwa kisigino. Akalia vizuri sana.

Watu wakashusha pumzi, wanawake wakapiga vigelegele, mambo yakaendelea. Pombe ilipongezwa na kila mtu. Baba alimiminiwa chungu cha kwanza.

Kilichotokea baadaye sikukitegemea. Tulikuwa tumekaa kwenye jua, tukila. Shangazi akatoa kopo kwenye mfuko wa aproni, akapaka siagi kwenye mkate. Kopo nalijua. Lina alama ya msumari pembeni, ni makopo ya Shange. Nikamtazama kaka kwa hofu. Kaka akanyoosha mkate wake.

Shangazi akampakia. Kama kawaida, unajua? Kama watu waliofanya hivyo kila siku. Nikauliza, kwa sauti iliyonitoka vibaya, kama kaka anajua ni nini hicho.

"Ni ya mgongo," kaka akasema. "Miaka miwili sasa. Kinachokatazwa ni moshi. Hii ni siagi."

Shange alikuwa amekaa karibu naye, anatafuna mbavu za mbuzi wangu.

Kwa hiyo ningeweza kuwasha oveni milango ikiwa wazi. Wote wangekuja na mkate.

Jumapili, 18 Juni

MaCele ameondoka.

Alirudi kutoka kanisani, akafungua sanduku, akaweka mkanda wa Nomalanga, makopo ya shanga, sindano, nguo mbili na kopo la Shange. Alisema anakwenda kwa dada yake, mjini Ladysmith. Huko kuna wapwa wa kumtungia uzi na kumchotea maji. Atarudi siku ya arusi.

Nilisema kwamba Shange yuko hapa, siagi iko hapa. Ilinigharimu kusema hivyo. Akasema siagi anayo. Alijaribu kufunga lachi ya sanduku, vidole vikakataa, nikamfungia mimi. Huo ndio msaada pekee niliompa wiki mbili hizi, na ulikuwa wa kumsaidia aondoke.

Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya pombe. Nikasema mambo ya wazee hayana mwenyewe, ndoto haichaguliwi.

"Sinia nililiona Ijumaa ile ile," alisema. "Ulipomaliza kuniambia baba yako ana kiu, mimi nilisugua makaa yako."

Siku tisa. Alijua siku zote tisa. Alichota maji akijua, akakoroga akijua, akasokota kifumbu akijua, kwa sababu asingeweza kunivua nguo mbele ya kaka na shangazi. Nilikuwa nimevaa koti.

Alikuwa ameshafika mlangoni alipogeuka na kuniita kwa jina la ukoo.

"Ulisema utaniletea dawa ya mikono, Manzini. Umeniletea kazi ya mikono."

Hakupaza sauti. Shange ndiye aliyembebea sanduku hadi barabarani, kwenye toroli. Toroli lenyewe lilikuwa hapa kwangu, alikuja kulichukua.

Jumatatu, 19 Juni

Sikula. Nyumba imekuwa kubwa. Kwenye kiti chake kuna shanga moja nyeupe imeanguka, nimeiacha hapo hapo.

Shange alikuja mchana na mkate. Aliketi, akaandika kwa penseli juu ya mfuko wa unga kila hatua, kwa herufi kubwa: moto mdogo, funika, subiri, usiondoke. Alichora na kitufe cha oveni na mshale. Akasema nikiwa tayari nimwite, atakaa nami, na kopo la kwanza tutampelekea MaCele kwa gari la Ladysmith, aone limetoka kwa mumewe. Nilikaribia kulia mbele ya mwokaji.

Alipoondoka nilikaa nikifikiri sana. Mtu mwema hivyo, lazima kuna kitu.

Jumatano, 21 Juni

Habari kutoka Ladysmith. Dada mtu amesema kwa simu MaCele ameongeza mistari minne. Wapwa wanatunga uzi, yeye anashona. Mikono inashuka. MaCele hakuuliza habari zangu. Aliuliza kama nimefunika pipa.

Mistari minne kwa siagi ya Shange! Na kopo lile litaisha mwisho wa wiki, halafu Shange atampelekea lingine, na binti yangu ataolewa katika mkanda wa Shange. Haiwezekani. Nimebaki na mche mmoja. Unatosha.

Mfuko wa unga nimeukunja nikauweka chini ya mguu wa meza, ilikuwa inayumba. Sasa imetulia. Moto mdogo si wa mtu mwenye haraka, na mgao ni saa nne. Nimezungusha kitufe hadi mwisho. Safari iliyopita kosa lilikuwa la dakika tu. Nitatoa dakika ya tano.

Dakika ya nne. Harufu.

Dirishani: Shange anavuka kijito, na kaka yuko naye, na shangazi nyuma yao na mkate mkononi. Wote watatu! Wakinusa watajua natengeneza mwenyewe, na Shange ataingia na aproni yake, na itakuwa siagi yetu sisi sote. Hapana. Harufu ifichwe. Kwenye kigae kuna impepho kidogo. Inatosha.

Saa saba mchana. Wameondoka. Walivua viatu wote, hata Shange, aliketi karibu na mlango na kuinamisha kichwa. Mche umekuwa makaa, lakini hilo ni dogo, maana safari hii nilikuwa tayari. Sikusema baba. Baba ameshakunywa. Nilisema mama.

Shangazi amelia zaidi ya mara ya kwanza. Kaka aliuliza mama anataka nini. Nikakumbuka kwamba mama hakupenda nyama ya mbuzi, nikasema hivyo, na wakakubaliana palepale kwamba ni ng'ombe. Ng'ombe sina, lakini hilo litatafutiwa njia. Shange ndiye pekee aliyeniangalia kwa huruma. Ya nini? Hajaona mbele.

Kwa sababu pombe ya mama lazima ipikwe na mkwe wake. Mapipa manne, kaka amesema, kwa kuwa ni ng'ombe. Kaka anampigia simu leo leo, na wito wa wazee haukataliwi. MaCele atakuwa nyumbani kabla ya Jumapili.

Mbona sikulifikiria hili mapema!